Mbwa Mmoja, Sheria Nyingi: Sayansi ya Urithi na Marufuku ya Aina za Mbwa

Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kufugwa na binadamu. Mifupa iliyofukuliwa ardhini yaonyesha kwamba urafiki huo ulikwisha kuwako zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kabla ya kulimwa shamba la kwanza na kabla ya kufugwa ng'ombe, mbuzi au kuku. Popote alipohamia binadamu, mbwa alimfuata. Katika nyakati hizi, hata hivyo, safari hiyo ya pamoja imekumbana na kikwazo kipya. Nchi nyingi zimetunga sheria ambazo hazimkatazi mbwa fulani aliyemuuma mtu, bali zinakataza aina nzima ya mbwa. Mwenye mbwa aweza kuondoka nyumbani alfajiri akiwa raia mwema, na ifikapo jioni, baada ya kuvuka daraja au kituo cha forodha, akawa mvunja sheria, ingawa mbwa wake alilala garini kutwa nzima bila kumbwekea mtu yeyote.

Jambo hili lina pande mbili, na zote ni nzito. Upande mmoja upo uhai wa watu, hasa watoto, ambao wamepata kuuawa au kulemazwa na mbwa wakubwa wenye nguvu. Upande wa pili yupo mnyama asiye na kosa ambaye aweza kukamatwa na kuuawa kwa sababu ya upana wa kichwa chake, na ipo jamaa inayompoteza. Kati ya pande hizi limesimama swali la kisayansi: je, umbo la mbwa, au jina la aina yake, laweza kutabiri tabia yake?

CHANZO CHA SHERIA HIZI

Sheria inayofahamika zaidi ni ile ya Uingereza ya mwaka 1991 kuhusu mbwa hatari. Ilipitishwa kwa haraka baada ya mfululizo wa mashambulizi yaliyoushtua umma. Sheria hiyo ilitaja aina nne: Pit Bull Terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Mwishoni mwa mwaka 2023 iliongezwa aina ya tano, XL Bully, na tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa katika England na Wales kuwa na mbwa wa aina hiyo bila hati ya msamaha. Mbwa zaidi ya 50,000 waliandikishwa kabla ya mlango huo kufungwa. Waliopata msamaha yapasa wahasiwe, wakatiwe bima, na kila watokapo nje wafungwe mdomo na kuongozwa kwa kamba. Mgeni anayefika leo na mbwa wa aina hizo hana ruhusa ya kumwingiza. Adhabu ya kuwa na mbwa aliyekatazwa yaweza kufikia kifungo cha miezi sita au faini isiyo na kikomo, na mbwa mwenyewe aweza kuuawa.

Nchini Ujerumani, kifo cha mtoto wa miaka sita aliyeshambuliwa na mbwa mjini Hamburg mwezi Juni 2000 kilizaa sheria ya mwaka 2001. Sheria hiyo inazuia kuingizwa nchini kwa Pit Bull Terrier, American Staffordshire Terrier, Staffordshire Bull Terrier na Bull Terrier, pamoja na machotara wao. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliichunguza mwaka 2004, ikalikubali katazo la kuingiza mbwa hao. Ufaransa ilikuwa imetangulia kwa sheria ya mwaka 1999 iliyowagawa mbwa katika makundi mawili, la mbwa wa kushambulia na la mbwa wa ulinzi. Denmark nayo iliorodhesha aina 13 mwaka 2010, miongoni mwao Boerboel wa Afrika ya Kusini na Kangal wa Uturuki.

Si nchi zote zilizoshika njia hiyo na kubaki humo. Uholanzi iliamua kuifuta sheria yake mwaka 2008, na Italia iliachana na orodha yake mwaka 2009. Katika Marekani, wilaya ya Miami-Dade iliwakataza Pit Bull tangu mwaka 1989 hadi mwaka 2023, ambapo sheria ya jimbo la Florida ililiondoa katazo hilo. Mji wa Denver, uliokuwa na katazo la tangu mwaka 1989, ulipiga kura Novemba 2020 na kuruhusu mbwa hao kwa vibali maalumu. Hivyo ramani ya makatazo hubadilika mwaka hata mwaka, na msafiri anayetegemea habari za zamani aweza kupotea.

SAFARI MOJA, SHERIA NNE

Ili hali hii idhihirike, ichukuliwe mfano wa safari ya gari kutoka Malmö, Sweden, hadi Paris, na ndani ya gari awepo mbwa wa aina ya American Staffordshire Terrier.

Huko Sweden mbwa huyo hana tatizo, kwa kuwa nchi hiyo haina orodha ya aina zilizokatazwa. Mara tu gari linapovuka daraja la Öresund na kuingia Denmark, mbwa huyo huwa miongoni mwa wale 13. Kupita nchini humo kunaruhusiwa, lakini iwe ni kupita tu, bila kutua pasipo sababu. Baada ya hapo gari huingia Ujerumani, ambako katazo la kuingiza aina hiyo linamwachia nafasi mgeni anayekaa kwa muda usiozidi majuma manne, ingawa kila jimbo lina kanuni zake kuhusu kamba na kufunga mdomo. Mwisho gari hufika Ufaransa, na huko jambo la kushangaza hutokea. Mbwa akiwa na hati za nasaba zinazotambuliwa, huwekwa katika kundi la pili na aweza kuingia kwa masharti. Akikosa hati hizo, huhesabiwa kuwa wa kundi la kwanza, ambalo kuliingiza nchini ni kosa la jinai. Mwili ni uleule na meno ni yaleyale. Karatasi ndiyo inayoamua.

Hata ndani ya nchi moja mambo huweza kuwa hivyo. Jimbo la Ontario, nchini Kanada, liliwakataza Pit Bull tangu tarehe 29 Agosti 2005. Jimbo hilo limetanda kutoka Quebec mashariki hadi Manitoba magharibi, na barabara za Kanada ziendazo magharibi hupita humo. Mji wa Montreal, ulioko Quebec, ulipitisha katazo lake mwaka 2016 na kulisimamisha Desemba 2017. Winnipeg, mji mkuu wa Manitoba, uliwakataza mbwa hao mwaka 1990. Mbele zaidi uko mji wa Calgary, ambao haukuchagua aina yoyote ya kukataza, bali ulikazia leseni kwa kila mbwa na faini kwa mwenye mbwa asiyemdhibiti mnyama wake. Jamaa inayohama na mbwa kutoka Montreal kwenda Calgary hulazimika kujua sheria za mahali inapopita kama inavyojua za mahali inapokwenda.

AINA YA MBWA NI NINI?

Mbwa wote, tangu yule mdogo anayepakatwa hadi yule mkubwa anayelinda mifugo, ni wa spishi moja. Kila chembe ya mwili wa mbwa ina kromosomu 78, yaani jozi 39, na mbwa wa aina yoyote aweza kuzaa na mbwa wa aina nyingine. Aina ni kundi la mbwa ambalo wafugaji wamelifunga kwa kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi, ili watoto wafanane kwa umbo au kwa kazi. Aina nyingi zinazotambuliwa leo zilipewa mipaka yake huko Ulaya katika karne ya 19, vyama vya wafugaji vilipoanza kuandika daftari za nasaba.

Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba umbo la mbwa, licha ya utofauti wake mkubwa, hutawaliwa na jeni chache. Mwaka 2007 wanasayansi waligundua kwamba jeni moja, iitwayo IGF1, inachangia sehemu kubwa ya tofauti ya ukubwa kati ya mbwa wadogo na wakubwa. Mwaka 2009 ilibainika kwamba jeni tatu tu zatosha kueleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya: marefu au mafupi, yaliyonyooka au ya kusokota, yenye sharubu au yasiyo nazo. Kwa hiyo mbwa wawili wanaweza kufanana sana kwa sura kwa kuwa wameshirikiana jeni chache za sura, huku wakitofautiana katika maelfu ya jeni nyingine.

Kinyume chake pia ni kweli. Wanasayansi wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor, Maine, walichapisha mwaka 1965 matokeo ya majaribio yao ya miaka mingi. Miongoni mwa kazi zao ilikuwa kuzalisha machotara wa Basenji, mbwa wa uwindaji mwenye asili ya bonde la Kongo, na Cocker Spaniel wa Ulaya. Wanafunzi waliosoma kanuni za Mendel wataelewa kilichotokea. Watoto wa kizazi cha kwanza walikaribiana kwa sura, lakini wajukuu, yaani kizazi cha pili, walitawanyika katika sura nyingi, na wengi wao mtu asingeweza kuwatambua kuwa ni wa ukoo wa Basenji wala wa Cocker Spaniel. Jeni zilikuwamo, sura haikusema.

JICHO LA MKAGUZI

Sheria nyingi za makatazo hutegemea jicho. Sheria ya Uingereza haikutumia neno linalomaanisha aina peke yake, bali inamhusu kila mbwa aliye wa mfano wa aina iliyotajwa. Mkaguzi hupima kichwa, kifua, miguu na mkia, akalinganisha na maelezo yaliyoandikwa. Kwa XL Bully, kimo cha begani ni miongoni mwa vigezo: sentimita 51 au zaidi kwa dume, na 48 au zaidi kwa jike. Vinasaba havitazamwi. Tena, mbwa akishukiwa, ni juu ya mwenyewe kuthibitisha kwamba mnyama wake si wa aina hiyo. Katika mashtaka mengine mengi, anayeshtaki ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Je, jicho hilo laaminika kiasi gani? Watafiti wa Florida, Marekani, walilipima jambo hili katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015. Walichukua mbwa 120 waliokuwa katika vituo vinne vya kuhifadhia mbwa, wakawataka wafanyakazi 16 waseme kila mbwa ni wa aina gani. Wafanyakazi hao, wakiwamo madaktari wa mifugo, walikuwa watu waliozoea kuona mbwa kila siku. Mbwa 62 walitajwa na angalau mfanyakazi mmoja kuwa ni wa jamii ya Pit Bull. Damu ilipopimwa vinasaba, ni mbwa 25 tu waliopatikana na ukoo huo.

Msomaji na afanye hesabu. Hata kama mbwa wote 25 walikuwa miongoni mwa wale 62, bado mbwa 37, yaani karibu 60 katika kila 100 ya waliotajwa, walipewa na mtu fulani jina la ukoo wasiokuwa nao. Wafanyakazi wenyewe nao hawakukubaliana: mbwa aliyeitwa Pit Bull na mmoja aliitwa jina jingine na mwenziwe. Kwa msafiri maana yake ni nzito. Mbwa chotara aliyepita salama mbele ya ofisa mmoja aweza kukamatwa na ofisa mwingine siku hiyo hiyo, na wote wawili wakawa wametenda kazi yao kwa uaminifu.

TABIA: WASTANI NA MMOJA MMOJA

Huenda ikasemwa kwamba, hata kama jicho hukosea, aina ikishajulikana kwa hakika, tabia nayo hujulikana. Hapa sayansi yatoa jibu linalohitaji utulivu wa mawazo.

Ni kweli kwamba tabia ina urithi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya habari za mbwa zaidi ya 14,000 wa aina 101, ulionyesha kwamba wastani wa tabia kati ya aina na aina hutofautiana, na kwamba tofauti hizo zinakwenda sambamba na tofauti za jeni. Mbwa wa kuchunga kondoo hawakuja kuwa wachungaji kwa bahati, walichaguliwa.

Hata hivyo, utafiti mwingine, uliochapishwa katika jarida la Science mwezi Aprili 2022, ulitazama mbwa mmoja mmoja, wakiwamo machotara wengi. Wenye mbwa 18,385 walijibu maswali juu ya wanyama wao, na mbwa 2,155 walisomwa jeni zao. Ilionekana kwamba aina inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Utayari wa kutii maelekezo ya binadamu ulikuwa miongoni mwa tabia zilizofuata aina zaidi. Lakini kuhusu wepesi wa mbwa kukasirika anapotishwa, ambayo ndiyo tabia inayowatia hofu watunga sheria, aina haikusaidia kutabiri.

Tafiti hizi mbili hazipingani. Mfano wa shuleni utafafanua. Shule mbili zinaweza kupishana kwa wastani wa alama za hisabati mwaka hata mwaka, na sababu ya kupishana huko ikajulikana. Lakini akitokea mwanafunzi mmoja mlangoni, jina la shule yake halitoshi kueleza alama yake, kwa sababu tofauti zilizo ndani ya kila shule ni kubwa kuliko tofauti iliyo kati ya shule na shule. Wastani ni habari ya kundi. Sheria ya kukataza humwangukia mmoja mmoja.

Sehemu kubwa ya tabia ya mbwa hujengwa baada ya kuzaliwa. Scott na Fuller walionyesha kwamba majuma ya 3 hadi 12 ya umri ndiyo kipindi ambacho mtoto wa mbwa hujifunza nani ni mwenziwe. Asiyezoeshwa watu katika kipindi hicho hukua akiwaogopa, na woga ni mama wa kuuma. Wahenga wa Kiswahili waliona mapema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Walimtazama bwana kabla ya kumtazama mbwa.

Tena, sifa inayoitwa hatari mahali pamoja huitwa ulinzi mahali pengine. Kangal, ambaye Denmark imemkataza, na mbwa wengine wa jamii yake wa Anatolia wamekuwa wakipewa wafugaji wa Namibia tangu mwaka 1994 na shirika la hifadhi ya duma la nchi hiyo, Cheetah Conservation Fund. Mbwa huyo hukua pamoja na mbuzi, hukaa nao malishoni, na kwa ukubwa wake na mbweko wake humfukuza duma kabla hajaua. Mfugaji asiyepoteza mbuzi hana haja ya kumpiga duma risasi. Basi mnyama huyohuyo katika nchi moja ni mhalifu, na katika nchi nyingine ni mlinzi wa mali na wa wanyamapori.

JE, MARUFUKU HUPUNGUZA MAJERAHA?

Watetezi wa makatazo wana hoja isiyopuuzika. Katika Marekani, kati ya mwaka 1979 na 1998, vifo 238 vilivyosababishwa na mbwa viliweza kuhusishwa na aina fulani. Aina zilizotajwa zilikuwa 25, lakini jamii ya Pit Bull na Rottweiler zilihusika katika zaidi ya nusu ya vifo. Mbwa mkubwa mwenye taya pana hujeruhi zaidi ya mbwa mdogo hata wakiwa na hasira sawa, na mzazi aliyefiwa na mtoto hawezi kuridhishwa na hesabu za wastani.

Hata hivyo watafiti wenyewe waliotoa takwimu hizo walitahadharisha kwamba haikujulikana ni mbwa wangapi wa kila aina waliokuwako nchini. Bila kujua idadi ya jumla, haiwezekani kujua kama aina fulani inaua mara nyingi kwa sababu ni hatari zaidi au kwa sababu ni wengi zaidi. Uchunguzi wa baadaye, uliochapishwa mwaka 2013, ulitazama vifo 256 vya mwaka 2000 hadi 2009. Aina ya mbwa iliweza kuthibitishwa kwa uhakika katika asilimia 17.6 tu ya visa. Yaliyojitokeza kwa wingi yalikuwa mambo mengine: hakukuwa na mtu mwenye uwezo wa kuingilia kati (asilimia 87.1), aliyeshambuliwa hakuzoeana na mbwa huyo (85.2), mbwa hakuwa amehasiwa (84.4), na mbwa alitengwa, pengine kwa mnyororo au uani, bila mazoea mema na watu (76.2). Katika visa vinane kati ya kila kumi, mambo manne au zaidi ya namna hiyo yalikutana pamoja.

Kuhusu matokeo ya makatazo yenyewe, ushahidi unagawanyika. Katika mji wa Odense, Denmark, watafiti walichunguza wagonjwa 2,622 walioumwa na mbwa kati ya mwaka 2002 na 2015, wasione kwamba sheria ya mwaka 2010 ilipunguza idadi yao. Katika jimbo la Manitoba, Kanada, kwa upande mwingine, utafiti wa mwaka 2013 uliona kwamba idadi ya waliolazwa hospitali kwa kuumwa na mbwa ilishuka baada ya makatazo, kutoka 3.47 hadi 2.84 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Sababu moja ya mgawanyiko huo ni kwamba kulazwa hospitali na kuumwa kwa kawaida si kipimo kimoja. Sababu nyingine ni kwamba aina zilizokatazwa aghalabu huwa sehemu ndogo ya mbwa wote wa nchi. Hata zikiondolewa zote, mbwa wengi wanaouma hubaki palepale.

YAMPASAYO MSAFIRI

Kutokana na hayo yote, anayesafiri na mbwa hana budi kuyatazama mambo kadhaa kabla ya kufunga mizigo. Kwanza, sheria ya kila nchi, jimbo na mji atakaopitia, pamoja na kanuni za shirika la ndege au meli, yapasa iulizwe kwa mamlaka yenyewe, na jibu liwe kwa maandishi. Pili, hati za nasaba, za kuhasiwa na za chanjo zisafiri pamoja na mbwa, kwa kuwa, kama ilivyoonekana kwa Ufaransa, hati yaweza kuhamisha mnyama kutoka kundi hadi kundi. Tatu, mbwa azoeshwe kufungwa mdomo nyumbani, polepole na kwa chakula kitamu, majuma kadhaa kabla ya safari. Mbwa anayevishwa kifungo cha mdomo kwa mara ya kwanza mbele ya askari hupapatika na kunguruma, na hapo huonekana mkali hata kama ni mpole. Nne, pale ambapo sheria haina mlango kabisa, uamuzi wa busara ni kumwacha mbwa kwa mtu wa kuaminika. Huzuni ya kutengana kwa mwezi mmoja ni ndogo kuliko ya kutengana milele.

MPAKA USIOTAZAMA AINA

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, liko jambo la mbwa na mipaka ambalo ni zito kuliko orodha zote zilizotajwa: kichaa cha mbwa. Makisio yaliyotolewa mwaka 2015 ni kwamba ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote katika Afrika na Asia, na karibu vifo vyote hutokana na kuumwa na mbwa. Virusi vyake husafiri kwa njia ya neva hadi kwenye ubongo, na dalili zikishatokea, tiba ni kama hakuna. Virusi hivyo haviulizi aina. Mbwa wa kijijini asiye na jina la kizungu na mbwa mwenye hati za nasaba huugua na kuambukiza sawasawa.

Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu mbwa wanaoingia zinaanza na ugonjwa huu. Mbwa anayetoka Kenya au Tanzania hutiwa kwanza chini ya ngozi kidude kidogo cha elektroniki chenye namba ya tarakimu 15, ili asichanganywe na mwingine. Kisha huchanjwa akiwa na umri usiopungua majuma 12. Zisizopungua siku 30 baada ya chanjo hutolewa damu, ikapimwa katika maabara iliyoidhinishwa ili kuona kama kingamwili zake zimefikia kiwango cha kimataifa cha 0.5 kwa kila mililita. Baada ya damu kutolewa, husubiri tena miezi mitatu. Marekani nayo, tangu tarehe 1 Agosti 2024, haipokei mbwa aliye chini ya umri wa miezi sita, na huwataka wale wanaotoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, zikiwamo Kenya na Tanzania, walete hati zaidi.

Inafaa kulinganisha namna mbili hizi za sheria. Sheria ya chanjo hupima kitu kinachopimika: virusi vipo au havipo, kingamwili zimefika au hazikufika, na mbwa yeyote aweza kutimiza sharti kwa juhudi ya bwana wake. Tena inajulikana kwamba, mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizi hukatika. Sheria ya aina hupima sura, na kutoka sura hubashiri tabia. Na mbwa hana juhudi yoyote awezayo kufanya ili kubadili upana wa kichwa chake.

Wananchi wana haki ya kulindwa dhidi ya mbwa wakali, na serikali ina wajibu wa kuwalinda. Ushahidi uliopo unaelekeza jicho kwenye yale yanayoweza kubadilishwa: mtoto asiachwe peke yake na mbwa, mbwa asifungwe mnyororo maisha yake yote, achanjwe, na bwana wake awajibishwe anapompuuza. Mambo hayo hayahitaji kuvuka mpaka wowote, yaanzia uani.

MASWALI YA KUJADILIWA DARASANI

1. Mtoto wa mbwa huko Arusha anachanjwa siku anayotimiza majuma 12, na hatua nyingine zote zinafuatwa bila kuchelewa. Atakuwa na umri wa siku ngapi, kwa uchache, atakaporuhusiwa kuingia Ufaransa? (Mwezi uhesabiwe kuwa siku 30.)

2. Katika mji wenye mbwa 1,000, mbwa 50 ni wa aina iliyokatazwa. Mkaguzi huwatambua sawasawa 9 katika kila 10 ya mbwa hao, lakini pia humtaja kimakosa mbwa 1 katika kila 10 ya wale wasio wa aina hiyo. Kati ya mbwa wote watakaokamatwa, ni wangapi ambao hawakustahili?

3. Kwa nini machotara wa kizazi cha pili hutofautiana kwa sura kuliko wa kizazi cha kwanza? Jibu lielezwe kwa kutumia kanuni za Mendel.